Mhusika wa Rangi

Karakana, Jumapili alasiri

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu. Ni salamu za miaka mitatu zilizolundikana, kwa hiyo usishangae zikiwa nzito. Hali yako? Vile vidole viwili vya mkono wa kulia vilivyokuwa vinakakamaa asubuhi vimepata nafuu, au bado unavichovya kwenye maji ya moto kabla ya kushika sindano? Shangazi aliniambia kwamba umepata kazi ya kushona mashuka ya hospitali, na kwamba umepanga chumba chenye dirisha kubwa. Nilifurahi kusikia habari za dirisha. Habari za mashuka nilizipokea kimya, maana yote ni meupe, na mimi nikikufikiria na kitambaa cheupe nakuona unageuka kutafuta beseni la rangi.

Mimi ni mzima. Nimeanza kuvaa miwani, na Mama Pacha anasema imenipa sura ya mtu mwenye akili, jambo ambalo anadai limewapoteza wateja wengi. Karakana ipo palepale nyuma ya duka la baiskeli. Bomba la uani bado linavuja. Mama Pacha bado anashonea pale dirishani na bado hajamwazima mtu yeyote mkasi wake. Yule fundi mpya uliyemwacha akiwa na wiki mbili tu kazini hakuondoka. Tunamwita Fundi Mrefu kwa sababu ameshavunja taa mbili kwa kichwa.

Nakuandikia kwa mambo mawili, Dada. La kwanza ni kukuomba msamaha kwa neno nililokutupia siku ile ulipoondoka. La pili ni swali ambalo ni wewe peke yako unayeweza kulijibu, na ninahitaji jibu kabla ya tarehe ishirini na mbili. Mtu mwingine angeanza na hayo akamaliza kwa mistari kumi. Lakini wewe ndiye uliyenipa jina la Kidomo, basi vumilia, nitazunguka kidogo ndipo nifike.

Mwaka jana yule mama mwenye duka la vitu vya nyumbani, anayechukua mitandio yetu, aliniita nyuma ya kaunta akaniambia ukweli. Alisema wateja wake wote wana mtandio wetu, wengine wanayo minne, na shingo ya mtu ni moja. Akaniuliza kama tuna kitu kingine. Nikajibu kwamba tunatengeneza mitandio. Akasema hilo analijua, ndiyo maana ameuliza. Nilirudi karakana nikiwa mdogo kama pini, maana swali hilohilo uliniuliza wewe miaka miwili kabla yake, nami nikakujibu kwa kiburi kwamba mshika mawili moja humponyoka.

Basi nikajiandikisha kwenye mafunzo ya watu wenye biashara ndogo za kazi za mikono, Jumamosi sita, katika ukumbi wa maktaba. Mwalimu ni mama mfupi mwenye sauti ya upole, na sisi wanafunzi tulimbatiza Bi Tarehe, kwa sababu ukimwambia umepanga kufanya jambo lolote duniani, anakuuliza tarehe gani. Mfinyanzi mmoja alimwambia ana mpango wa kuoa. Unaweza kukisia alivyoulizwa.

Siku ya kwanza alitutaka kila mmoja aandike vitu vyote ambavyo angependa kuongeza kwenye biashara yake. Mimi niliandika kumi na tisa. Niliandika mapazia, mikoba, mifuko ya miwani, hata soksi, na hakuna mtu katika karakana yetu anayejua soksi inaanzia wapi. Bi Tarehe alisoma orodha yangu yote bila kucheka, akanipa kalamu nyekundu, akasema nikate mpaka vibaki vitatu. Akanipa na maswali ya kukatia: kitambaa chake tunacho? Mikono ya kukifanya tunayo? Kuna mtu yeyote aliyewahi kukiulizia bila sisi kumshawishi? Nilikata kwa uchungu. Vilibaki foronya za mito, aproni, na cha kumi na tisa, kile nilichokiandika mwisho kwa herufi ndogo kana kwamba naogopa karatasi itanisikia: mablanketi ya watoto wachanga.

Ndiyo, Dada. Blanketi lako. Nitafika huko.

Bi Tarehe alitufundisha kuugawa mpango vipande vipande. Kila bidhaa mpya ina kazi zake, kila kazi ina mhusika mmoja, si wawili, na ina siku ya kuanza na siku ya kwisha. Na kila baada ya hatua kuna kizingiti, ambapo ni lazima usimame uamue mojawapo kati ya matatu: Endelea, Rekebisha, au Simama. Kilichonigusa ni kwamba kizingiti nacho kina mhusika wake. Lazima ijulikane ni nani mwenye haki ya kusema Simama.

Nilirudi nikabandika ukutani karatasi kubwa yenye mistari. Ilidumu siku nne, maana unajua mvuke wa chumba cha masufuria. Ilijikunja ikaanguka kwenye rangi ya kahawia, na mpango wetu wote ukawa wa kahawia. Mama Pacha ndiye aliyeleta dawa. Alisema sisi ni watu wa kamba na vibanio, karatasi ya nini? Tukatundika kamba tatu, ya Bado, ya Inaendelea na ya Imekwisha, na kila kazi tukaiandika kwenye kipande cha kitambaa tunachokihamisha kutoka kamba moja hadi nyingine. Ni jambo zuri, ungelipenda. Mteja mmoja alitaka kununua kile cha “pima upana wa foronya.” Tatizo ni moja tu. Vitambaa vya kazi vinafanana na vitambaa vya kufutia mikono, na Fundi Mrefu, mikono ikiwa imejaa rangi, alijifutia kile cha “agiza vifungo” akakitupa kwenye pipa. Kwa kuwa hakikuwepo kwenye kamba yoyote, sote tuliamini kwamba kazi hiyo imekwisha. Tulikaa wiki tatu na foronya arobaini zilizoachama midomo. Tangu hapo majina yanadariziwa kwa uzi, na pipa linakaguliwa kabla ya kumwagwa.

Foronya hatimaye zilipata vifungo na zinakwenda vizuri. Aproni zilituaibisha. Tulizigawa kwa nyumba kumi za majaribio, na kwenye nyumba ya tatu mama wa nyumba aliifua yake pamoja na mashati ya mumewe, ambaye siku iliyofuata alikwenda kazini akiwa na rangi ya zambarau mpaka kwenye kola. Kosa lilikuwa langu. Nilisuuza mara tatu nikaona inatosha. Wewe ulikuwa unasuuza mpaka uone kucha zako chini ya beseni, nami nilikuwa nakuita mpotezaji maji. Tulipofika kwenye kizingiti niliwaomba tuendelee, kwa sababu nilikuwa nimeshazipenda zile aproni. Mama Pacha alinikumbusha tarehe, tukasema Simama. Nilinuna siku mbili. Bi Tarehe aliniambia kwamba kitu kilichosimamishwa kwa tarehe yake ni kazi iliyokwisha, hata kama haifurahishi.

Yakabaki mablanketi, na hapa ndipo ninapoanza kutokwa jasho.

Kikao cha kwanza cha mpango tulikaa watatu, tukapitia kazi moja moja. Kukata, Fundi Mrefu. Kushona pindo, Mama Pacha. Kutafuta akina mama kumi wa majaribio, mimi. Tukafika kwenye kazi ya kuchagua rangi na kuzichanganya. Mama Pacha akauliza mhusika ni nani. Sote tuliyatazama masufuria yako, ambayo tangu uondoke tumekuwa tukiyatumia kwa rangi tatu zilezile ulizotuachia, kwa vipimo ulivyoandika mlangoni. Mama Pacha akauliza tena. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe, nikasema, Dada.

Wallahi sikupanga. Mama Pacha aliweka sindano chini akaniuliza kama tumepatana. Nikasema tunaandikiana. Dada, yule mama alitabasamu nikaona jino ambalo sijaliona tangu uondoke. Hukuwepo kusikia, lakini ni yeye aliyeniambia siku ile ulipokwisha kutoka kwamba hatafanya kazi na mtu anayemfukuza dada yake, na alibaki kwa sababu tu pacha walikuwa wadogo. Ningemwambiaje kwamba nimetania? Aliyachukua maneno yangu akayadarizi kwa uzi wa bluu: Rangi za blanketi. Mhusika: Dada. Akayatundika kwenye kamba ya Inaendelea, na yakabaki hapo miezi mitano.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini mimi nilijitahidi kuirefusha. Kila wiki ya pili nilikuja kikaoni na karatasi ya “ushauri wa Dada,” niliyoiandika mwenyewe nikiwa nimejifungia stoo. Ili niiandike ilinibidi kwanza nisimame mbele ya sufuria nijiulize ungesema nini. Mwanzoni sikusikia kitu. Nilikuwa nimekaa na wewe miaka yote hiyo, na sikujua hata kwa nini ulikuwa unalowesha kitambaa kabla ya kukitia rangi. Nikaanza kujaribu kidogo kidogo. Nilijifunza kuanika kivulini. Nilijifunza kutoamini rangi mpaka ikauke, kwa sababu ikiwa mbichi hudanganya. Nilichanganya bluu mara kumi na saba, na ile ya kumi na saba, Dada, nilipoianua nilikaa kwenye ndoo nikalia, kwa kuwa ilikuwa karibu kabisa na yako na bado haikuwa yenyewe.

Tulipeleka mablanketi kumi kwa akina mama kumi, kwa mwezi mmoja, tukiwaomba wayafue, wayaburute, wawaache watoto wayatafune. Tulikuwa tumekubaliana wayarudishe pamoja na maoni yao. Manane hayakurudi. Mama mmoja aliniambia mlangoni, mtoto begani, kwamba maoni yake ni haya hapa, amelala. Rangi haikutoka hata tone. Mwenye duka ameomba sitini.

Kwa hiyo ilikuwa sherehe, na kwenye sherehe hiyo ndipo Fundi Mrefu alipotoa wazo kwamba siku ya kuyapeleka dukani tukualike, usimame mbele upongezwe, kwani wewe ndiye mwenye rangi. Wote wakageuka kunitazama.

Jumatatu iliyopita niliwaambia ukweli. Nilisimama katikati ya kamba tatu nikasema kwamba sijapata barua yako hata moja, sijakuandikia hata moja, na kwamba ushauri wote ulitoka stoo. Mama Pacha hakuinua macho. Alisema alijua tangu karatasi ya pili, kwa sababu mle ndani Dada alimsifu mdogo wake kwa uvumilivu, na yeye anakujua, unanipenda sana lakini hujawahi kuwa mwongo. Nikamuuliza kwa nini alinyamaza. Alisema mtu akijilazimisha kukuwaza kila wiki, iko siku atashindwa kuigiza na itambidi aandike barua ya kweli, na yeye hakuwa na haraka.

Fundi Mrefu hakulichukulia hivyo. Yeye aliamini. Kila mara alikuwa ananipa salamu nikufikishie, nami nilikuwa namrudishia za uongo. Hakunisemesha kutwa nzima, na jioni aliniambia kwamba nimempokonya mtu aliyekuwa akimheshimu. Nilimwomba radhi. Amesema atanisamehe nikizifikisha, basi nazifikisha: anakusalimu mara kumi na moja, anauliza kama ni kweli mashuka hukatwa bila chaki, na anakushukuru kwa siku ile ulipomwonyesha jinsi ya kushika mkasi bila kumcheka.

Sasa nimefika, Dada. Sina tena pa kuzungukia.

Ulikuja asubuhi ile na blanketi dogo la bluu, ulilolitia rangi nyumbani kwa siku tatu. Ulilitandika mezani ukasema tuanze na vitu vya watoto. Nami nilicheka. Mbele ya Mama Pacha, mbele ya fundi mgeni, mbele ya mteja, nilikuuliza wewe unajua nini kuhusu watoto, wewe ambaye hujawahi kuzaa. Watu wanasema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi sikujikwaa. Nilijua panapouma, nikalenga, kwa sababu wazo lako lilikuwa zuri na si langu. Ulilikunja blanketi, ukalitia kwenye begi, ukavua kitambaa cha kichwani, ukatoka. Mimi nikamuuzia yule mteja mtandio.

Mama alipotutoka mimi nilikuwa na miaka minne na wewe kumi na tano. Uliacha shule ukaenda kuwa kibarua wa mtia rangi, na kwa kuwa hapakuwa na wa kumwachia mtoto, ulinibeba mgongoni ukikoroga masufuria ya watu. Ulikata mikono ya gauni lako ukanishonea shati la siku ya kwanza ya shule. Uliponifunga kifungo cha juu vidole vyako viliacha alama za bluu kwenye kola, nami nilikusukuma nikalia kwamba watanicheka. Ulikaa sakafuni ukanisubiri nimalize kulia. Nilipougua surua ulilala umekaa wiki nzima. Nimeyajua haya maisha yangu yote, na siku ile niliyajua pia. Hilo ndilo kosa langu, na halina sababu nyingine ya kulipunguza. Nisamehe, Dada. Kama huwezi, sitakulaumu.

Sasa swali. Blanketi ni lako. Wazo ni lako, bluu ni yako, mimi nimeiiga tu kama mtoto anayefuatisha herufi. Nimekwenda kwa mwenye duka nikamwambia kwamba hayo sitini hayajapata kibali cha mwenyewe. Nimekwenda kwa Bi Tarehe nikamweleza yote, naye akauliza kizingiti ni tarehe gani. Ni tarehe ishirini na mbili. Watatu tumekubaliana kwamba siku hiyo mwenye haki ya kuamua ni wewe, na safari hii ni kweli. Ukisema Endelea, tutaendelea, na kila blanketi litatoka kwa jina utakalotaka. Ukisema Rekebisha, niambie bluu yangu imekosa nini, kwa sababu nimeitazama mpaka macho yameniuma. Ukisema Simama, tutasimama siku hiyohiyo, tutashona foronya, na hutasikia nung'uniko kutoka kwangu. Nimekuwekea ndani ya bahasha kipande cha bluu ya kumi na saba. Kiloweshe kwanza.

Sikuombi urudi. Mlango uko wazi, na ungekuwa wazi hata kama hakuna mpango wowote, lakini sitaki udhani kwamba nimeandika kurasa hizi ili nipate mtu wa kukoroga sufuria. Jibu lako la neno moja litanitosha. Hata usipoliandika na ukampa Shangazi alilete mdomoni, nitalipokea kwa mikono miwili.

Mama Pacha anakusalimu sana na anasema mkasi wake unakungoja, jambo ambalo hajawahi kumwambia binadamu mwingine. Pacha wanakusalimu, wamekuwa warefu na wanabishana sana. Shangazi ukimwona mwambie dawa ya kikohozi niliyomtumia ni ya kunywa, si ya kupaka. Vitunze vidole vyako, usivichovye kwenye maji ya moto kupita kiasi, na asubuhi zikiwa na baridi usianze kushona kabla jua halijafika kwenye hilo dirisha lako.

Nakuombea heri na afya. Nakupenda, na nilipaswa kulisema mapema zaidi.

Ni mimi mwanao,
Kidomo